Matofali ya Mzee Aidan

Chinyata, Lundo
26 Oktoba 1994

Kaka Hamphrey,

Shikamoo. Wifi Kunigunda nampa mkono. Sisi huku tunaishi. Neno "wazima" nimeliacha kwa makusudi, maana baba si mzima. Miguu imevimba mpaka magotini na usiku hawezi kulala chali. Mganga wa zahanati amesema moyo wake umechoka. Nikamuuliza na wangu je, akanipa vidonge vya baba akaondoka.

Anataka kukuona. Sikuandikii kwa desturi ya kuandika, nakuandikia uje.

Habari ya pili ni shule. Baba aliposema mwaka juzi kwamba anatoa shamba lake la muhogo lijengwe shule, ulicheka ukasema Chinyata haijawahi kumaliza hata choo cha kanisa. Basi safari hii matofali tumeshafyatua, wanaume wameyapanga tanuru, bado kuni tu. Ya mwaka jana unayakumbuka. Tulikuwa tuwashe moto Jumatatu, Jumapili mamba akamchukua mtoto wa Violet kwenye kivuko, akitoka shule ya ng'ambo ya mto. Na wewe unazijua mila zetu: mtu akifa, kila moto kijijini unazimwa, majivu yanamwagwa, hakuna anayeshika kazi mpaka matanga yavunjwe. Tukakaa matanga. Mvua ikaja mapema, tofali mbichi zote zikarudi kuwa tope. Tulimlilia mtoto aliyekufa kwa kukosa shule mpaka shule yenyewe ikayeyuka.

Wilayani wametuambia wazi. Siku hizi serikali haijengi, inawatazama waliojenga. Tukiwa na kuta za tofali za kuchoma kabla ya Januari, tutaletewa mwalimu. Tusipokuwa nazo, mwalimu anakwenda kijiji kingine, nasi tusirudi kuomba. Edina wangu anaanza shule Januari. Mimi ni mjane, sina mtoto mwingine, na kwenye kile kivuko simpeleki hata kwa fimbo.

Barua hii anakuletea Urbani, anapandisha samaki wa usipa huko kwenu. Mpe majibu huyo huyo.

Mdogo wako,
Winifrida

---

Matiri
6 Novemba 1994

Mdogo wangu Winifrida,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana tu. Huyu Urbani anatembea na samaki kama anawasindikiza harusini, usimtegemee kwa jambo la haraka.

Nimesikitika sana kwa habari ya baba. Mwambie nampa pole, na kwamba yeye ni mti mgumu, ameshaona homa nyingi kuliko hii. Mwaka ule wa kipindupindu tulikwishamchimbia kaburi, akapona akalipanda ndizi.

Kuja nitakuja, hilo usiwe na shaka. Lakini uelewe hali ya huku. Ushirika umelala, sasa ni soko huria. Wanunuzi binafsi wanapita na malori, wanalipa papo kwa papo, na bei ya mwaka huu haijawahi kusikika tangu babu zao kina Kunigunda waanze kupanda mibuni. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye lori litapita lini. Jirani yangu alikwenda kwenye ubatizo, akarudi akakuta wenzake wameuza na yeye amebaki na magunia yake. Mwenye kahawa hatoki nyumbani. Lori likishapita tu, siku ya pili yake nitakuwa Chinyata.

Haraka haraka haina baraka. Nimempa Urbani unga wa mahindi na kahawa kidogo ya baba, ingawa najua mtampa chai. Juu ya shule, nawatakia heri. Ila usijichoshe, kubeba kuni si kazi ya mwanamke mwenye mgonjwa ndani.

Kaka yako,
Hamphrey

---

Chinyata
13 Novemba 1994

Kaka Hamphrey,

Shikamoo. Unga umefika, mshukuru wifi. Na methali zimefika, lakini baba hawezi kuzila. Tangu Ijumaa hali hata ugali, anakunywa uji kwa kijiko, na nusu unarudi.

Tanuru litawashwa Jumatano. Mzee Bartholomayo, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, amegawa zamu. Moto ukishawaka haulali, unalishwa kuni mfululizo mpaka Jumamosi, ndipo midomo ya tanuru inazibwa. Ukizimika katikati tunapata tofali za nusu, na tofali ya nusu haina dawa: haichomwi tena, haijengwi. Kuni nyingine hakuna. Tumekwenda kuzikata mpaka milimani na kuziteremsha kwa kichwa, wanaume kwa wanawake, Waanglikana na Wakatoliki. Mawingu yameanza kukaa upande wa Malawi kila jioni.

Kuna jambo siwezi kulitamka, kwa hiyo naliandika. Naogopa baba asije akaondoka moto ukiwaka. Namwomba Mungu ampe mpaka Jumapili, halafu naona aibu. Mtu gani anayempangia Mungu ratiba ya baba yake?

Njoo, kaka. Wifi yupo, atauza, na lori lina honi. Nakuomba. Ukingoja lori utakuja kukuta kaburi, na sitakuwa na neno la kukufariji.

Mdogo wako,
Winifrida

---

Chinyata
Ijumaa, 18 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Naandika mbio, Urbani yuko nje anasubiri, anapanda leo. Alitaka kuingia kumsalimu baba nikamwambia ndiyo kwanza amepata usingizi, asimwamshe.

Baba hajambo. Amekunywa uji asubuhi. Tanuru linawaka vizuri, kesho wanaziba. Ile barua yangu ya Jumapili niliiandika kwa woga tu, usiitie moyoni. Usije kwa haraka. Maliza kahawa yako.

Winifrida

---

Kamati ya Ujenzi wa Shule, Chinyata
Jumapili, 20 Novemba 1994

Ndugu Hamphrey Aidan,

Nasikitika kukuarifu kwamba baba yako, Mzee Aidan, ametutoka jana Jumamosi tarehe 19 asubuhi. Dada yako alipiga ukunga mara tu baada ya sisi kumaliza kuziba tanuru. Tulimzika jana hiyo hiyo kabla jua halijazama. Tunajua ilikuwa haki yako kungojwa, lakini joto la siku hizi ni kali na hali haikuruhusu. Mwalimu wa kanisa aliongoza ibada, kwa kuwa padre yuko ng'ambo ya ziwa.

Kijiji kizima kimekaa matanga. Mchukuzi wa barua hii nimemwambia asilale njiani.

Pole sana.
Bartholomayo, Mwenyekiti

---

Matiri
4 Desemba 1994

Winifrida,

Nimefika salama. Siku zote nilizokaa hapo matangani nilinyamaza, kwa sababu sikutaka kumvua baba nguo mbele ya watu. Sasa niko nyumbani na nitasema.

Barua yako ya Ijumaa ninayo hapa. Baba hajambo, amekunywa uji. Niliisoma kwa furaha, Winifrida, nikamwita Kunigunda nikamsomea. Kesho yake mchukuzi akaingia na barua ya msiba. Nikasema basi, mzee amekufa ghafla, ndivyo wazee wanavyokwenda.

Lakini nilipofika, Bibi Vitalia aliyewaongoza waoshaji hakutaka kunitazama. Nilimuuliza sura ya baba ilikuwaje, akasema anakwenda kuchota maji. Vijana walioshusha mwili waliniambia alikuwa amefungwa mikeka mitatu. Mtu aliyekufa asubuhi anafungwa mikeka mitatu ya nini? Mchaichai wote wa uani umeng'olewa mpaka mizizi. Na mwanao, bila kujua anasema nini, akaniambia kwamba alipelekwa kulala kwa Mzee Bartholomayo tangu Alhamisi mchana, kwa sababu babu hataki kelele.

Tangu Alhamisi. Ulimweka baba ndani, amekufa, tangu Alhamisi, nje watu wanapiga soga na kulisha moto. Ukamfungia mlango kama gunia la muhogo ili tofali zenu ziive. Na ulikuwa na nguvu ya kushika kalamu ukaniandikia uji!

Sijui ulimwogopa nani zaidi, Mungu au mvua. Hata huku mlimani kwa Wamatengo, ambako sisi watu wa ziwani tunajifanya wajanja kuliko wao, sijasikia jambo kama hili. Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Msalaba wa baba ni wangu kuuchonga, na siku ya kuusimika, tarehe 29, utasomwa mbele ya kijiji chote. Nitachonga tarehe aliyokufa, siyo tarehe uliyoitangaza. Wakiuliza nitawaeleza. Waamue wenyewe kama wanaweza kuwaweka watoto wao ndani ya tofali zilizochomwa maiti ikiwa haijaliliwa.

Hamphrey

---

Chinyata
10 Desemba 1994

Kaka Hamphrey,

Shikamoo. Ni kweli. Alikufa Alhamisi mchana. Sitaki nikuchoshe kwa kukana.

Nilifungua mdomo nilie. Hilo nataka ulijue, sauti ilikuwa imeshafika kooni. Kupitia dirishani nikaliona tanuru. Wanaume walikuwa wamevua mashati wanasukuma gogo kwenye mdomo wa katikati, mmoja akawa anaimba wenzake wakimwitikia. Nikajua kwamba nikilia watakuja wote, na kila mmoja atakuja na ndoo. Nikajiziba mdomo kwa kanga. Nikasema nitangoja kidogo, mpaka jioni. Jioni nikasema mpaka asubuhi. Ukishameza kilio mara moja huwezi kukirudisha kwa amani, maana watakuuliza ulikuwa wapi.

Nilikaa naye. Usifikiri nilimwacha kama gunia. Nilimfuta, nikamfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kanisani, nikambadilishia shuka. Kwa joto lile nilimfunika majani ya mchaichai, yakikauka nachuma mengine. Wakibisha hodi natoka natabasamu. Natabasamu, kaka! Wananipa uji wa mgonjwa naupokea, naingia ndani naumwaga. Urbani alipokuja Ijumaa akataka barua, ningekataa angeshangaa, kwa hiyo nikakaa sakafuni karibu na kitanda nikaandika yale uliyoyasoma. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Jumamosi nilipolia, nililia kweli. Watu walisema Winifrida amempenda baba yake.

Sasa nisikilize. Mvua imeanza. Kuta zimefika madirishani, mafundi wanajenga hata kwenye manyunyu kwa sababu tofali zimeiva vizuri, ukizigonga zinalia. Afisa alipita wiki jana, akaandika, akasema mwalimu atakuja. Ukichonga Alhamisi, ukasimama mbele ya watu ukaeleza, hakuna mama atakayemtoa mtoto wake kuingia mle. Tofali zile zitatupwa, na zikitupwa zimekwisha, hatutapata tena kuni wala moyo. Januari watoto watarudi kivukoni. Violet ana mwingine wa kumpeleka, yule mdogo wa marehemu.

Kama unataka kunipiga, njoo unipige. Kama unataka kuniita kwenye kikao cha ukoo, niite, nitakiri lolote, semeni nimeiba, semeni nimemlaani baba, nifukuzeni nyumbani. Nitahamia kwa mjomba na nitaondoka kimya. Lakini tarehe, kaka, tarehe niachie. Sina kitu kingine cha kukuomba tangu nizaliwe.

Mdogo wako,
Winifrida

---

Chinyata
12 Desemba 1994

Ndugu Hamphrey,

Salamu. Leo sikuandikii kama mwenyekiti. Ukishasoma ichome.

Siku ulipoondoka ulimwambia mwalimu wa kanisa kwamba msalaba wako utasema jambo. Ameniambia. Najua jambo lenyewe, kwa hiyo usijisumbue kutufunulia.

Alhamisi ile jioni mke wangu alimpelekea baba yako uji. Dada yako aliupokea mlangoni na baada ya muda akarudisha bakuli. Mke wangu amewaosha wafu wengi pamoja na Bibi Vitalia. Alikuja mpaka tanuruni, akasimama pembeni, akaniambia, "Mzee ametutoka." Nikamwambia aende nyumbani akamwandalie Edina mahali pa kulala. Kisha nikaongeza kuni.

Nilidhani ninajua peke yangu. Nikajilaumu usiku kucha, baba yako alikuwa rafiki yangu tangu ujana. Ijumaa nikaona watu wa zamu wakienda ziwani kunywa maji wanapita njia ya mbali, wasipite mbele ya nyumba ile. Mmoja alikuwa akiimba, akaacha. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Jumamosi dada yako alipopiga ukunga, watu walikimbia kuelekea kule wakiwa tayari wanalia, na Bibi Vitalia alifika na mikeka mitatu kabla hajaambiwa chochote.

Wewe umekaa mlimani miaka mingi, labda umesahau jinsi tulivyo. Jambo ambalo halijasemwa hadharani halina tambiko. Likisemwa, tutalazimika kulifanyia kama wazee walivyoagiza, na wazee waliagiza kwamba kilichopikwa kwa moto wa namna ile kimwagwe ziwani. Nami nitakuwa wa kwanza kubeba, kwa sababu siwezi kusema mbele ya watu kwamba nilijua. Mwaka jana tulifuata mila sawasawa. Umeona tulichopata.

Dada yako hajui kwamba tunajua. Tafadhali asijue. Akijua atataka kuomba msamaha, na msamaha lazima uombwe mbele ya watu.

Jambo la mwisho. Urbani anasema barua ya kwanza ya dada yako alikupa mkononi Oktoba haijaisha, ukaisoma ukisimama, ukaiweka mfukoni. Hilo nalo hatujalisema kwa mtu.

Bartholomayo

---

Matiri
21 Desemba 1994

Mdogo wangu Winifrida,

Marahaba. Urbani anauleta msalaba. Ni mninga, nimeupaka mafuta, usiachwe mvuani kabla ya kusimikwa.

Nimechonga tarehe 19 Novemba 1994. Nilichonga polepole, na mara mbili niliiweka patasi chini. Sasa imeshachongwa, haifutiki. Kikao cha ukoo hakuna. Kwa mjomba usihame. Yale ya tarehe 4 niliyokuandikia, kuhusu gunia, niliyaandika nikiwa na uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa wako wote.

Barua yako ya kwanza haikuchelewa. Niliipata mapema. Nilijiambia lori litapita kesho, na kesho yake nikasema hivyo hivyo. Hata Kunigunda sikumwonyesha, kwa sababu angenifungia mzigo wa safari siku hiyo hiyo. Lori lilipita nikiwa huko matangani. Akauza yeye.

Tarehe 29 sitakuja. Msimamisheni Mzee Bartholomayo badala yangu, anastahili kuliko mimi. Waambie kahawa imenizuia, watu watasadiki.

Nina swali moja, na hili usinifiche wala usinipambie, hata kama unadhani litaniumiza. Siku ile ya Alhamisi, kabla hajakata roho, baba aliniulizia?

Kaka yako,
Hamphrey

---

Chinyata
30 Desemba 1994

Kaka Hamphrey,

Shikamoo. Msalaba tumeusimika jana. Mzee Bartholomayo aliusoma kwa sauti, jina na tarehe, na watu wote wakaitikia amina kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Bibi Vitalia alinishika mkono hakuuachia mpaka mwisho. Sijui nikushukuru kwa maneno gani, kwa hiyo sitajaribu.

Kuta zimefika kwenye lenta. Mwalimu ameshapangwa, ni kijana wa Ngumbo. Paa la bati bado, wataanza kusoma chini ya nyasi. Edina amekwenda kuzishika tofali zote anazozifikia.

Umeniuliza na umesema nisikupambie. Alikuulizia. Alikuulizia tangu alfajiri, na kila nikimwambia bado anageukia ukutani. Mchana macho yalikuwa hayaoni tena. Sikuweza kumjibu bado mara nyingine, nikamwambia umefika, uko uani unanawa vumbi miguuni. Alitulia. Akasema, "Mfungulie basi, asikae juani."

Nikaenda nikafungua mlango. Uani hapakuwa na mtu, palikuwa na moshi wa tanuru. Niliacha wazi nikarudi, nikamkuta amekwisha, uso umeelekea mlangoni. Nilisimama pale katikati ya nyumba. Halafu nikaenda nikaufunga.

Mdogo wako,
Winifrida